Kamera Barazani kwa Mama

Pampu ya maji iliibwa mchana kweupe, siku ya Jumapili, mama akiwa kanisani. Ilikuwa pampu ndogo ya kumwagilia ambayo marehemu baba aliinunua alipokuwa bado ana nguvu za kulima nyanya kando ya mto Ruaha Mdogo. Baba alipofariki mama alilikodisha shamba, lakini pampu akabaki nayo stoo, ameifunika gunia kama mtu anavyofunika mtoto. Mwizi alivunja kufuli, akabeba pampu na mpira wake, kisha akaurudishia mlango vizuri. Mama alirudi ibadani, akapika, akala, akajinyoosha kidogo. Aligundua jioni alipokwenda kuchukua jembe.

Aliponipigia simu Mbeya, sauti yake ilikuwa ileile ambayo angeitumia kuniambia mvua imenyesha.

"Wameichukua ile pampu ya baba yenu," alisema. "Mlango wameufunga lakini. Wana adabu."

Aliyeshikwa na hofu ni mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi Dodoma. Tumezaliwa wawili tu. Alinipigia usiku huohuo, anaongea haraka haraka.

"Dada, mama anaishi peke yake kule Kalenga. Leo pampu. Kesho watamkuta ndani."

Alikuwa ameshamwomba mama ahamie kwake, na mama alikuwa ameshamjibu: "Nikae Dodoma nifanye nini, nifute vumbi?" Basi mdogo wangu akaamua kufunga kamera. Angezilipia yeye, fundi angetoka Iringa mjini, na mimi niende nikasimamie, kwa sababu mama akiniona mimi hupunguza ubishi.

Nilikwenda. Fundi alikuja na bajaji, ngazi ameifunga juu. Alileta kamera mbili zinazotumia laini ya simu, moja ya getini na nyingine ya barazani, inayotazama ua wote hadi stoo. Mama alimkaribisha, akampa togwa, akamwacha atoboe ukuta bila ubishi. Nikadhani mambo yamekuwa rahisi. Fundi aliposhuka kwenye ngazi na kuwasha simu yake, mama akatoka jikoni, anajifuta mikono kwenye kanga.

"Mwanangu, hilo jicho linaona mpaka wapi?"

"Linaona mbali, mama. Ua wote."

"Ngoja nitembee. Wewe angalia kwenye simu."

Akaanza kutembea. Mama yangu ni mwembamba, mrefu kidogo, na huwa anatembea taratibu kama anayepima udongo. Alikwenda hadi mlango wa bafu la nje.

"Hapa unaniona?"

"Nakuona, mama."

"Geuza."

Fundi akapanda ngazi, akageuza. Mama akasogea mlango wa jikoni. Anaonekana. Akaamuru igeuzwe tena. Akaenda hadi kwenye ua wa minyaa unaotutenganisha na jirani, akasimama mahali ambapo mlango wa jirani unaonekana kwa nyuma yake.

"Na hapa?"

"Hapo nakuona wewe na mlango wa watu kwa mbali."

"Mlango wa watu haukuibiwa pampu. Geuza."

Mimi nilikaa kwenye kizingiti nikicheka, lakini kuna kitu kilinishika moyoni. Mama hakuwa amewahi kuona kifaa kile. Hakuna aliyemweleza lolote juu ya faragha, wala neno lenyewe silikumbuki likitajwa nyumbani kwetu. Lakini alitembea kwenye ua wake mwenyewe akaweka mipaka ya jicho lile, kama watu wa zamani walivyoweka mipaka ya shamba kwa miguu. Fundi alitokwa jasho. Mwishowe picha ikabaki na njia ya kutoka getini, ua, mlango wa stoo, na sehemu ya baraza. Mama akaridhika. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kwenye sehemu ile ya baraza kuna benchi.

Nikarudi Mbeya. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Mwanjelwa, na zaidi hushona sare za kwaya na nguo za kitenge za harusi. Nikawa naiegemeza simu kwenye kopo la nyuzi, picha ya nyumbani iko wazi, mguu wangu uko kwenye pedeli. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ile inayoingia mpaka kwenye mifupa ya vidole, ukungu umefunika mlima. Na pale kwenye simu, ua wa mama yangu, jua la Kalenga linaingia taratibu kupitia minyaa, na yeye anafagia.

Siwezi kueleza vizuri furaha niliyoipata siku zile za kwanza. Tangu niolewe nilikuwa namwona mama mara chache kwa mwaka, na kila nikifika anakuwa mama wa mgeni: anachinja kuku, anatandika shuka mpya, anauliza habari za watoto. Sasa nilimwona anavyoishi nisipokuwepo. Nilimwona akiongea na kuku. Nilimwona akisimama katikati ya ua na ufagio mkononi, ametulia, akiangalia juu kwa muda mrefu, kisha anaendelea kufagia kama vile hakuna kilichotokea.

Halafu wakaanza kuja watu.

Yule wa kwanza niliyemzingatia alikuwa mwanamke wa makamo, amejitanda kitenge mpaka kichwani. Aliingia getini, wakasalimiana kwa kuinamiana, nikajua wanaambiana "kamwene," maana kwetu huwezi kuingia ua wa mtu bila hiyo. Akakaa kwenye benchi. Mama akaleta ungo wa maharage, akakaa pembeni yake, wakaanza kuchambua wote wawili. Yule mwanamke akawa anaongea. Mama anachambua. Anaongea, mama anachambua. Kisha mikono ya yule mwanamke ikasimama juu ya ungo, mabega yake yakaanza kutetemeka. Mama hakumshika. Hakumpigapiga mgongoni kama tunavyofanya sisi. Aliacha tu kuchambua, akakaa naye, ameangalia mbele, mpaka yale mabega yakatulia. Ndipo akasimama, akamletea maji ya kunawa uso.

Kamera ile hunasa na sauti. Kesho yake alikuja mwanamke mwingine, kijana kidogo, nami nilikuwa peke yangu kibandani, nikafungua sauti. Nikasikia, "Mama, mimi pale nyumbani..." Mkono wangu ukaizima kabla hajamaliza. Sikupanga. Ilikuwa kama kufungua mlango ukakuta mtu anavaa. Tangu hapo sauti sikuifungua tena.

Lakini picha niliendelea kuitazama, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyozidi kushangaa. Walikuja wanawake, walikuja wanaume. Alikuja mzee mmoja ambaye nilimfahamu fika, aliyegombana na baba kuhusu mpaka wa shamba tangu mimi ni mdogo, mtu ambaye baba alikuwa hataki hata kusikia habari zake. Alivua kofia yake getini. Akakaa kwenye benchi, kofia ameiweka magotini, na mama akamletea ungo naye. Mzee mzima, anachambua maharage kwa vidole vya kutetemeka, huku mdomo wake unasema kitu kidogo, anatulia, anasema tena.

Mimi nimezaliwa katika nyumba ile. Nilikulia pale mpaka nikaolewa. Na siku zote nilimjua mama kama mtu asiye na maneno mengi. Baba ndiye aliyekuwa na hadithi, ndiye aliyechekesha misibani, ndiye mzee wa kanisa. Mama alikuwa yule aliyeko jikoni. Kama ungeniuliza mama yako ana kipaji gani, ningekujibu anapika vizuri na ana bustani nzuri ya mboga. Kumbe nusu ya kijiji ilikuwa inapita pale kuweka mizigo yake chini. Nilijiuliza ilianza lini, na tulikuwa wapi sisi. Labda tulikuwa shuleni. Labda tulikuwa palepale uani tunacheza.

Siku moja alikuja mteja kupima gauni la harusi ya mdogo wake. Ni mwenyeji wa Iringa aliyeolewa Mbeya kama mimi. Nikiwa nimepiga magoti nabana pindo kwa pini, nikamsikia anasema kutoka juu, "Eh! Hapo si Kalenga? Na huyo aliyekaa hapo, mbona kama namjua..."

Nilinyanyuka na pini mdomoni nikailaza simu kifudifudi juu ya meza. Nadhani haraka yangu ilimshtua.

"Ni kamera ya nyumbani tu," nikamwambia. "Mama yangu na wageni wake."

"Nilidhani ni wifi yake na rafiki yangu. Lakini sikumwona vizuri."

"Hata mimi simjui," nikasema, na ilikuwa kweli.

Tukaendelea na gauni. Lakini nilimchoma pini kiunoni akaguna. Nilikuwa nawaza jinsi mtu alivyoweza kufunga safari yake ya siri, akapita vichochoro vya kwao, akaingia ua wa mama yangu ili alie pasipo macho ya watu, kumbe anaonekana Mwanjelwa, juu ya meza ya cherehani, kati ya mkasi na chaki. Kuanzia siku ile simu iliingia kwenye droo. Nikawa nafungua jioni tu, tena upande wa getini, kuhakikisha geti limefungwa.

Ni getini nilikoona lile lingine. Watu walikuwa wanafika, wanainua macho, wanasita. Mmoja alishika komeo, akaliachia, akageuka. Mwingine alipita kama aliyekuwa na safari yake ya mbele. Siku zikaenda hivyo. Nikafungua picha ya barazani asubuhi moja, nikamwona mama amekaa kwenye benchi, ungo mapajani, peke yake.

Nikampigia.

"Mama, mbona hamna wageni siku hizi?"

"Wameliona jicho," akasema. "Wanasema ukikaa kwangu picha yako inafika Dodoma. Wananiambia, mtoto wako si yuko Dodoma? Basi inafika serikalini."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mbona hukutuambia tuiondoe?"

"Mwenzako ameweka kwa mapenzi. Nitamwambiaje mtoto aondoe mapenzi yake ukutani?"

Nilifunga kibanda mwisho wa juma lile nikapanda basi. Kutoka Mbeya mpaka Iringa ni safari ya siku, na nilikuwa na muda wa kupanga maneno, lakini nilipofika Kalenga mama alikuwa na yake. Baada ya chakula aliosha mikono, akakaa karibu yangu, akasema, "Nionyeshe. Nataka kuona kile mnachokiona nyinyi."

Nikafungua picha zilizohifadhiwa. Nikarudisha nyuma mpaka siku ambayo watu walikuwa bado wanakuja. Mama akasogeza miwani yake. Alijiona anafagia, akatabasamu. "Nimezeeka mgongo," akasema. Kisha akaingia yule mwanamke mwenye kitenge, akakaa kwenye benchi, na mama akaanza kuinama karibu zaidi na simu. Mabega ya yule mwanamke yalipoanza kutetemeka, mkono wa mama ulishuka ukafunika kioo chote.

"Zima."

"Hamna sauti, mama."

"Zima, mwanangu. Huyu hakuja kwako."

Nikazima. Mkono wake ulibaki palepale juu ya simu iliyozimika. Nilimwangalia usoni nikaona macho yake yamejaa. Sikuwa nimemwona mama akitoa chozi hata siku tulipomzika baba.

"Huwa unawaambia nini?" nikamuuliza. Swali hilo nilikuwa nimelibeba tangu Mbeya.

"Nani?"

"Hao wanaokuja."

Akafikiri. "Siwaambii kitu. Nitawaambia nini mimi? Mtu akishasema, anakuwa ameshasema. Mimi nikimjibu atabaki na maneno yangu, nayo ni mzigo mwingine." Kisha akaniuliza, "Hii inakaa wapi, hii picha? Iko hapo tu?"

Nikamweleza kadiri nilivyoelewa: kwamba kuna kadi ndani ya kamera, na nakala nyingine iko mbali, kwenye mitambo ya kampuni, na kwamba mimi na mdogo wangu tunaweza kuifungua tukiwa popote.

"Kwa hiyo hata sasa yule mwenzako anaweza kumwangalia huyu mama wa watu akilia?"

"Anaweza. Sidhani kama anaangalia."

"Lakini anaweza."

Tukampigia. Mdogo wangu alisikiliza, halafu akaanza kama nilivyojua ataanza. Wezi hawajaisha. Pampu haijapatikana. Hao wageni wenyewe tunawafahamu? Labda aliyeiba ni mmojawapo wa wanaokuja kukaa hapo. Akasema kamera ikiondolewa yeye hatalala usingizi, na kwamba mama hajui dunia ilipofikia. Mimi nikampandishia sauti, naye akanipandishia. Mama akaninyooshea mkono.

"Niletee hiyo simu. Ondoa hiyo ya kusikika kwa wote. Na wewe toka nje kidogo."

"Mama?"

"Toka nje, mwanangu. Nataka kuongea na mtoto wangu."

Nikatoka, nikarudishia mlango. Nilisimama uani, jua limeanza kulegea, kuku wanajisogeza kwenye banda. Kupitia dirisha nilimwona mama kwa mgongo tu, amekaa wima, simu ameishika kwa mikono miwili. Hakuongea muda mrefu. Sehemu kubwa alikuwa anasikiliza. Mara moja aliinamisha kichwa. Mara nyingine nikasikia anatamka jina la utani ambalo mdogo wangu aliitwa alipokuwa mdogo sana, jina ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa.

Aliponiita ndani alinipa simu. Mdogo wangu alikuwa bado yuko hewani, sauti yake nzito, imelowa.

"Dada, zifute zote. Mimi nafuta huku. Hiyo ya barazani muite fundi aitoe."

"Sawa," nikasema. "Uko salama?"

"Niko salama."

Mpaka leo sijui mama alimwambia nini. Nilitaka kuuliza usiku ule, na tena asubuhi, na safari nyingi baada ya hapo. Nilichojua ni kwamba siku ya msiba wa baba, watu walipokuwa wamejaa, mdogo wangu alisimama imara tangu mwanzo hadi mwisho, akipokea wageni, akipanga viti, na wote tukamsifu ujasiri. Kama aliwahi kukaa kwenye benchi lile usiku wa msiba au siku nyingine yoyote, ni jambo lake na mama yake. Nilijikuta namheshimu mdogo wangu kwa namna mpya, kwa kitu nisichokijua.

Fundi alirudi na ngazi yake. Kamera ya barazani ilihamia ng'ambo ya ua, ikafungwa juu ya mlango wa stoo, inatazama kufuli na ukuta basi. Ya getini ilibaki, kwa ajili ya usingizi wa mdogo wangu. Lakini mama alikuwa na shauri jingine. Alichukua panga, akaenda upande wa migomba, mahali ambapo zamani palikuwa na njia ya kwenda mtoni, akakata minyaa iliyokuwa imeziba.

"Wenye shida watapita huku," akasema. "Wezi wapite getini."

"Mama, mwizi gani atapita getini akiona kamera?"

"Basi hatapita. Si ndicho mlichotaka?"

Nilipomsimulia mdogo wangu, alicheka mpaka simu ikakatika.

Jumapili baada ya ibada mama alifanya jambo ambalo mimi nisingethubutu. Wanawake wa umoja wa akina mama walipobaki nje ya kanisa, alinivuta mkono, akawaambia wamkaribie. Akasema watoto wake waliweka jicho ukutani kwa kumwogopea, na jicho hilo liliwaona watu barazani, na yeye hakulijua hilo ila anawaomba radhi. Kisha akaniambia niwaonyeshe kwenye simu. Nikawaonyesha: geti, na njia, na upande wa pili mlango wa stoo na kufuli. Simu ilizunguka mkono kwa mkono. Mmoja akauliza, "Na zile za zamani?" Nikasema zimefutwa. Akaniangalia moja kwa moja usoni, muda mrefu, mwanamke wa makamo ambaye sikuwa na uhakika kama ndiye yule wa kitenge au siye. Nikayainua macho yangu, nami nikamwangalia. Akanirudishia simu.

Asubuhi yangu ya mwisho kabla ya kurudi Mbeya, tulikuwa tunakunywa chai barazani. Migomba ikatikisika upande ule wa njia mpya. Kabla sijageuka, mama akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nenda kachume mboga ya kubeba. Chuma nyingi."

Nikachukua kikapu nikashuka bustanini bila kutazama nyuma. Umande ulikuwa bado haujakauka, nikaloa mpaka magotini. Nilichuma figiri, nikachuma majani ya maboga, nikachuma mpaka kikapu kikajaa, nikaanza kuyapanga upya ili nipate sababu ya kuendelea kuwa kule. Maji ya mto yalikuwa yanasikika chini, na kutoka juu barazani hakuna sauti iliyokuja kwa muda mrefu sana. Kisha, nikiwa nimeinama, nikasikia mtu anacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu mmoja, cha kushtukiza, kama cha mtu ambaye hakutegemea kwamba angecheka siku ile. Nilisimama pale katikati ya maboga na kikapu mkononi, nikasubiri mpaka mama aniite.